Ngoma Inalia Ndani, Mbona Umesimama Nje?

Taifa la Mungu mlioko Likoni, Kisauni na Changamwe, akina baba, akina mama, vijana na watoto wa Utoto Mtakatifu, nina neno moja nanyi, nalo linanichoma moyoni. Fungueni Injili ya Luka, sura ya 15. Yule mwana mpotevu tumemhubiri miaka na miaka. Kila Kwaresima tunamrudisha nyumbani, tunamvika joho, tunamvisha pete, tunamchinjia ndama. Leo mwacheni apumzike. Mtazameni kaka yake.

Kaka alikuwa akirudi kutoka shambani. Alipoikaribia nyumba akasikia muziki na watu wakicheza. Nyumba ni ya baba yake, karamu ni ya baba yake, na pengine ndama mwenyewe alilishwa kwa mikono yake. Lakini hakuingia. Alimwita mtumishi akamuuliza kuna nini, na alipoambiwa kwamba ndugu yake amerudi mzima, hasira zikampanda, akabaki nje. Baba akaiacha karamu aliyoiandaa mwenyewe, akatoka kumbembeleza. Wakazungumza, na hapo ndipo hadithi inapokatika. Hatuambiwi kama kaka aliingia. Bwana Yesu aliliacha jibu wazi kwa sababu waliomnung'unikia siku ile walikuwa watu wa dini, watu wasiokosa ibada, watu kama sisi, na jibu lilikuwa lao kulitoa.

Angalieni kilichomzuia mlangoni. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mchapakazi, mtiifu, wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Alichukia furaha ile kwa sababu ilimhusu mtu ambaye yeye hakumtaka tena. Hata undugu aliukana: alipomlalamikia baba, alimtaja yule aliyerudi kuwa mtoto wa baba, hakumtaja kuwa ndugu yake. Na baba, kwa upole, akamrudishia neno lile alilolitupa.

Sasa tujitazame. Furaha sisi hatujaikosa. Ni nani awezaye kusema kwamba Wakatoliki wa ng'ambo zote za kisiwa cha Mombasa hawajui kushangilia? Kayamba zinalia, ngoma inapigwa, watoto wanacheza mbele ya Neno la Mungu linapoletwa, akina mama wa chama cha Wanawake Wakatoliki (CWA) wanapiga vigelegele hadi wapita njia wanasimama. Sadaka ya mavuno ikifika, watu wanapeleka altareni mahindi, nazi, mihogo, kuku walio hai. Haya ni mema, na asiyafanye mtu kuwa mabaya. Lakini katika sura ile ya Luka kuna sherehe tatu, na zote zina sababu moja. Mchungaji anawaita majirani kwa sababu kondoo amepatikana. Mama anawaita majirani kwa sababu sarafu imepatikana. Baba anachinja kwa sababu mwana amepatikana. Hakuna anayesherehekea kwa kuwa kwaya imejiandaa vizuri. Furaha ya Injili ina mtu ndani yake, mtu aliyepokewa. Basi nawauliza, na ninajiuliza mwenyewe: sisi tunaoimba hivi kila Jumapili, mwaka huu tumempokea nani?

Tukumbuke tulivyofika hapa. Wengi wetu hatukubatizwa katika parokia tunazosali leo. Bandari ilituita, reli ilituita, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliwaita baba zetu, hoteli za pwani ziliwaita dada zetu. Ndiyo maana kwenye benchi moja pale Changamwe utamkuta Mkamba, Mluo, Mtaita, Mluhya, Mgiriama, Mkikuyu na Mrabai, na nyuma yao familia iliyotoka Kongo ikikimbia vita. Hakuna aliyepanga mchanganyiko huu. Kwa macho ya ulimwengu ni ajira na kodi nafuu za nyumba zilizotukusanya. Kwa macho ya imani, Mungu ametuandalia darasa.

Na darasa hili ni la zamani. Pale Kisauni, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengine walinusuriwa baharini majahazi ya biashara hiyo haramu yalipokamatwa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wa makabila ya mbali, waliotekwa wakiwa wadogo, wasiojua tena njia ya kurudi kwao. Kengele iliwekwa kuwaonya hatari ikitokea, na hadi leo kondakta wa matatu anaita "Kengeleni! Kengeleni!" bila kufikiri kwamba anataja ulinzi wa watu wasiokuwa na kabila la kuwalinda. Hao hawakuwa Wakatoliki, lakini walibatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kama sisi, na ni wazee wetu wa imani katika ardhi hii. Walioujenga Ukristo wa Kisauni walikuwa watu wasiokuwa na ndugu. Jirani alikuwa ndugu, au ndugu hakuwepo kabisa.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Kwa mambo ya ukoo nawaheshimu. Lakini mbele ya kisima cha ubatizo, taifa la Mungu, maji yamekuwa mazito kuliko damu! Paulo anawaambia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na ukishamvaa Kristo huwezi kuchungulia chini ya vazi uone mwenzako ni wa kabila gani. Ukichungulia, umelikana vazi lako mwenyewe.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliliona hili mapema. Walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Tafakarini jinsi jumuiya inavyochorwa. Mpaka wake ni mtaa. Ni nyumba hii na ile inayofuata, ploti hii na ile ya pili, toka kwenye bomba la maji hadi kwa fundi wa viatu. Haikuchorwa kwa kufuata kijiji cha bara ulikozaliwa. Walitaka Mkristo asali na yule anayesikia kikohozi chake usiku ukutani. Sasa niambieni kwa nini katika jumuiya nyingine zetu watu wa upande mmoja huhudhuria kikao kikiwa kwa mtu wao, na kikiwa kwa mwingine wanatuma udhuru. Kwa nini uchaguzi wa viongozi wa jumuiya unageuka hesabu ya makabila? Tumelichukua jambo takatifu tukalitia siasa ya nje.

Lakini mahali pa kutupima barabara ni msibani.

Mtu wetu akifariki Chaani au Mishomoroni, utaona mambo ya ajabu. Jioni ileile viti vinapangwa. Kamati inaundwa, mweka hazina anachaguliwa, bajeti inasomwa: mochari, jeneza, gari la kumpeleka marehemu Siaya, Kakamega, Machakos, Wundanyi. Watu wa kwao wanachanga, wanalala kwenye matanga, wanasafiri usiku kucha. Jambo hili ni jema sana, na Mungu awabariki wanaolifanya. Lakini ninyi mnajua, kama mimi ninavyojua, kwamba kuna misiba ambayo viti havipangwi. Msichana wa kazi aliyeletwa mjini na mtu ambaye sasa hapokei simu. Kibarua wa kupakua mizigo ambaye jina lake kamili halijulikani hata na aliyelala naye chumba kimoja. Mama aliyeuza mboga Kongowea miaka mingi, aliyeachana na kwao zamani kwa sababu asiyoitaja. Hao wakifa, jumuiya inakuja, inasali rozari, inapitisha sahani mara moja, inaondoka. Kwaya haifiki. Na mwili unakaa mochari, bili ikipanda kila siku, mpaka mtu mmoja mwenye huruma aende kubembeleza ofisini.

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Kanisa linalihesabu pamoja na kulisha wenye njaa na kuwatembelea wafungwa. Someni Kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Ilikuwa sikukuu ya Pentekoste. Tobiti yuko uhamishoni Ninawi, ameandaliwa meza ya vyakula vizuri. Kabla ya kula anamtuma mwanawe akatafute maskini waje wale pamoja naye. Kijana anarudi mbio: kuna mtu wa taifa letu ameuawa, ametupwa sokoni. Tobiti anainuka kabla ya kuonja chochote, anamchukua maiti, anamhifadhi hadi jua lizame, kisha anachimba kaburi na kumzika. Majirani wakamcheka. Tobiti hakuwa na kamati, wala hatuambiwi kwamba alimjua marehemu. Aliiacha sikukuu yake mezani kwa ajili ya maiti wa sokoni, na Maandiko yanamhesabu kuwa mwenye haki.

Kwa hiyo nasema wazi. Kila jumuiya iwe na mfuko wa mazishi, na mfuko huo usiulize kwao marehemu ni wapi. Uwe mdogo, uwe wa shilingi hamsini hamsini, lakini uwepo, na wa kwanza kuufaidi awe yule asiyekuwa na watu. Na kwaya ya parokia iende! Ikaimbe kwenye kaburi la kibarua kwa sauti zote nne, kama ilivyoimba kwenye mazishi ya mwenyekiti. Hiyo ndiyo furaha ya Pasaka ikiwa imevaa viatu.

Siwezi kusema haya bila kuutaja mwaka 1997, ingawa wako wanaotaka tuunyamazie. Usiku wa tarehe 13 Agosti, kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi, likachoma, kisha likawageukia watu waliotoka bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa katika ukanda huu, na waliokimbia makwao walikadiriwa kufika 100,000. Uchaguzi ulikuwa karibu, na tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka uliofuata ilichunguza namna siasa ilivyochochea moto huo. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Walilala pale na magodoro yao, sufuria zao na watoto wao, Wakatoliki, Waprotestanti na wasiokuwa na dini. Kanisa halikuweka mezani daftari la waumini kabla ya kufungua lango.

Lakini huruma iliyo kamili inatazama pande zote mbili. Vikosi vya usalama vilipoingia, vijana wengi wa Kidigo wasiokuwa na hatia walikamatwa, walipigwa, na wengine walikimbilia msituni. Mama zao walilia kilio kilekile kilichosikika kanisani. Je, tulikisikia? Sisi tulioumizwa tulirudi taratibu majumbani, tukajenga upya, na wengi wetu tumesamehe kwa midomo. Lakini bado neno "wenyeji" tunalitamka kwa kinyongo, nao bado wanalitamka neno "wageni" kwa kinyongo, na uchaguzi wa 2027 uko karibu. Nawasihi kwa damu ya Kristo: karatasi ya chuki isichapwe na mkono uliopokea Ekaristi, na sauti ya chuki isisambazwe kwenye simu iliyo na picha ya Moyo Mtakatifu. Na akija mwanasiasa kwenye harambee ya kigango akaanza kuhesabu makabila, mwenyekiti amnyang'anye kipaza sauti. Ndiyo, amnyang'anye.

Nimewataja majirani zetu Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Tunaishi nao ukuta kwa ukuta. Tunavuka nao feri ya Likoni alfajiri, watu zaidi ya laki tatu kwa siku, bega kwa bega. Tunanunua mahamri kwao, wanashonewa nguo kwetu. Papa Fransisko alipoutangaza Mwaka Mtakatifu wa Huruma, ulioanza tarehe 8 Desemba 2015, aliandika katika hati yake kwamba huruma inavuka mipaka ya Kanisa, kwamba Wayahudi na Waislamu nao wanaitambua kuwa mojawapo ya sifa kuu za Mungu. Chini ya wiki mbili kabla ya mwaka huo kuanza alikuwa hapa Kenya, akakutana na viongozi wa dini zote Nairobi tarehe 26 Novemba, akasisitiza kwamba jina la Mungu lisitumiwe kamwe kuhalalisha chuki na umwagaji damu.

Na sikilizeni kilichotokea mwezi uleule ulipofunguliwa Mwaka wa Huruma. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na magaidi karibu na El Wak. Walitaka abiria watengwe, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Abiria Waislamu walikataa. Wengine waliwapa Wakristo mavazi yao wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi. Alifariki mwezi wa Januari akiwa hospitalini Nairobi. Kabla hajafa aliwaambia watu kwamba tunapaswa kuishi pamoja kama ndugu. Wakristo wenzangu, kuna ndugu zetu walio hai leo kwa sababu Mwislamu hakukubali mstari uchorwe kati yao. Mtu akikuambia kwamba Waislamu wote ni adui, mtajie mwalimu huyo. Na sisi tuwe na wetu wa kutajwa katika nyumba zao.

Najua vidonda vipo. Tarehe 23 Machi 2014, Jumapili asubuhi, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la ndugu zetu wa Kiprotestanti pale Likoni, wakawafyatulia risasi waliokuwa wakisali. Watu sita walipoteza maisha. Mama mmoja alikufa, na mtoto wake mchanga akabaki na risasi kichwani hadi madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walipoitoa. Hakuna anayetutaka tujifanye hatukuona. Msamaha haufuti kesi mahakamani. Lakini waliofyatua risasi walitaka kitu kimoja: Mkristo wa Likoni amwone jirani yake Mwislamu aone muuaji. Tukiwapa hicho, wameshinda. Viongozi wetu wanaokaa meza moja na masheikh katika Baraza la Viongozi wa Dini Pwani hawapotezi wakati. Wanashikilia ukuta tusiangukiwe.

Sasa niseme juu ya imani isiyokuwa na furaha, maana nayo imetuua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Walikuwemo watoto. Mama aliambiwa kwamba utakatifu ni kumnyima mwanawe uji! Hiyo haikuwa Injili. Bwana wetu alianza ishara zake arusini Kana, kwa kuwapatia watu divai ilipokwisha. Maadui zake walimsema kuwa mlafi kwa jinsi alivyokula na watu. Na alipofufuka, Yohana anatuambia katika sura ya 21, aliwasha moto wa makaa ufuoni akawachomea samaki rafiki zake waliokesha baharini bila kupata kitu. Watu wa pwani, ninyi mnaijua harufu ile. Mungu mfufuka aliwaita vijana wenye njaa waje wapate kifungua kinywa. Yeyote anayekuletea dini inayochukia chakula cha mtoto, kicheko cha mtoto na dawa ya mtoto, mkimbie.

Lakini nauliza pia: wale watu walikuwa majirani za nani? Waliuza viwanja, walitoa watoto shule, walifunga vibanda vyao wakaaga. Palikuwa na mtu wa kuketi nao akawauliza kinachowatesa? Mwenye njaa ya kusikilizwa humfuata yeyote anayemsikiliza, hata akiwa mbwa mwitu. Kwa maoni yangu, jumuiya inayomaliza sala kwa dakika arobaini na kutawanyika ili iwahi taarifa ya habari, inawafungulia mlango manabii wa uongo.

Nirudi Kisauni, kwa vijana wa magenge yanayotushambulia kwa panga. Hapa huruma inauma kweli, kwa sababu wametukata, wametuibia, wametufanya tuogope kurudi kutoka Misa ya jioni. Atakayesema tuwafiche, anakosea. Aliyemwaga damu apelekwe kwenye sheria. Lakini ule umati unaobeba tairi na mafuta ya taa ukipiga kelele kwamba achomwe, usiwe na Mkatoliki hata mmoja ndani yake! Baadhi ya vijana hao tuliwavika nguo nyeupe za Komunyo ya Kwanza. Waliacha shule kwa kukosa karo, tukawaona barazani, tukawapita. Wengine wamekuwa mateja, na tukiwaona wamesinzia kando ya barabara tunavuka upande wa pili kama yule kuhani na yule Mlawi wa njia ya Yeriko. Kaunti yetu ina kliniki za kuwapa methadoni wanaotaka kuacha dawa za kulevya. Mpelekeni mmoja. Mlipieni nauli. Kaeni naye kwenye foleni, maana wengi wanashindwa safari si kwa kukosa nia bali kwa kukosa mtu wa kwenda naye.

Na gereza la Shimo la Tewa liko pale Shanzu, ndani ya Kisauni yetu. Tusiende Krismasi tu, na sabuni na mikate na picha za kupiga langoni. Barua ya Paulo kwa Wafilipi, iliyojaa furaha kuliko barua zake zote, aliiandika akiwa mfungwa, amefungwa minyororo. Nina hakika kwamba kuna watu ndani ya kuta zile wanaoweza kutufundisha kusali. Sisi tulioko huru ndio tunaochelewa kufika.

Kuna huruma nyingine inayoitwa haki, na tusiisahau kwa sababu haina machozi. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe akaugua, na badala ya kuhama na kunyamaza alisimama kwa ajili ya mtaa mzima. Alikamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kikafungwa, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kuwapa maziwa watoto wale ni huruma. Kuuliza ni nani aliyeruhusu sumu ijengwe mlangoni mwao ni huruma pia, na ni nzito zaidi, kwa sababu anayeifanya hapigiwi makofi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu nyimbo, ingawa kwa wanaoumia si dogo. Mgiriama anayesali katika parokia iliyo juu ya ardhi ya mababu zake, na mwaka mzima hasikii wimbo mmoja wa kwao, anajiona mgeni nyumbani kwake. Na Mluo aliyezaliwa Changamwe naye ana wimbo ambao bibi yake alimfia akiuimba. Kiswahili kitushike sote, nacho kinatosha kwa ibada yetu. Lakini wakati wa shukrani baada ya Komunyo, kwaya ijifunze nyimbo za wenzake, kila kabila kwa zamu, na Mkamba aimbe Kigiriama hata akikosea matamshi. Watu watacheka, na ni vizuri wacheke.

Wenyeviti wa jumuiya, makatekista, nawasihi katika jina la Bwana. Kwenye kikao chenu kijacho, kabla hamjasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ulizeni hivi: katika mtaa wetu ni nani asiyekuwa na mtu wa kwao hapa? Jina lake liandikwe kitabuni. Wachaguliwe wawili, mmoja asiwe wa kabila la mwenzake, waende kwake kabla ya Jumapili, wakale naye.